Haki ya Njia na Watoto wa Madrasa



Juma lililopita tulikwenda kumtazama mtoto wa jirani yetu aliyevunjika mguu. Umri wake ni miaka tisa. Alikuwa akitoka madrasa baada ya Alasiri, juzuu yake kifuani, akivuka barabara ile ile aivukayo kila siku, na pikipiki iliyokuwa ikiipita matatu iliyosimama ikamkumba. Tulimkuta amelazwa sebuleni, mguu umetiwa plasta mpaka pajani, amezungukwa na mashangazi, na mbele yake sahani ya visheti ambayo hakuigusa. Alhamdulillahi, daktari amesema atatembea. Kila aliyeingia alimpa mamake pole, akakaa, akapokea kikombe cha kahawa, na kabla ya kuondoka akasema neno lile lile: ajali haina kinga.

Nasi tulilisema. Ni neno la adabu, na mwenye msiba huhitaji maneno ya adabu. Lakini tulipokuwa twaaga, mama yule alitushika mkono akatwambia jambo ambalo limetukosesha raha tangu siku ile. Alisema kuwa binti yake mdogo, wa miaka saba, hatakwenda madrasa tena mpaka zipatikane pesa za kumlipia tuktuk kwenda na kurudi, na pesa hizo kwa sasa hazipo. Basi pikipiki moja imemvunja mguu mtoto mmoja, na imemfungia mtoto wa pili mlango wa chuo. Wa kwanza ataandikwa katika daftari la polisi. Wa pili hataandikwa popote.

Kwa hivyo siku ya tatu yake tulikwenda kusimama pale alipogongwa, tangu adhana ya Alasiri hata karibu na Magharibi, tutazame kwa macho yetu.

Barabara ile ilipotengenezwa upya, miaka michache iliyopita, mtaa mzima ulifurahi. Ilikuwa na mashimo, ikatiwa lami. Ilikuwa nyembamba, ikapanuliwa. Kupanuliwa kwenyewe kuliumeza ukingo wa mchanga uliokuwa ukipitwa na watu, na miarobaini miwili ikakatwa. Kijia cha miguu kiliwekwa upande mmoja tu. Nacho huanza vizuri, kisha hupotea mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, ambapo mabati na mifuko ya saruji imepangwa juu yake. Huonekana tena kwa hatua ishirini hivi, kikafika kwenye mtaro usio na kifuniko, kikaisha. Milia myeupe ya kuvukia ilichorwa wakati wa uzinduzi. Sasa ni lazima uelekezwe ilipokuwa.

Watoto walitoka kwa makundi. Wakubwa walipenya kati ya magari kama wachezao. Wadogo walishikana mikono, wakangoja, wakaanza kwenda, wakarudi, wakangoja tena, kisha wakakimbia kwa pamoja na mabuibui ya wasichana yakipepea. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni na kikapu mkononi alishuka barabarani kuyakwepa mabati, akapigiwa honi kana kwamba yeye ndiye aliyeyaweka. Hamali na mkokoteni wake walikuwa katikati ya njia, lori likiwasukuma kwa kelele. Muuza mikate alikuja na baiskeli yake akifuata ukingo kinyume cha magari. Tulipomuuliza alisema kuvuka kwenda upande wake wa haki ni hatari zaidi kuliko kwenda kinyume. Hatukuwa na la kumjibu.

Jambo tulilotarajia kuliona ni madereva wakorofi. Wamo, na wenye pikipiki wamo. Lakini wengi wa waliopita mbele yetu walikuwa watu wa kawaida tu, baba zetu na wana wetu, wakienda kwa mwendo ambao lami pana, iliyonyooka, isiyo na kizuizi, humwalika mtu yeyote kwenda. Barabara iliwaambia wakimbie, nao wakakimbia. Mtoto akivunjika mguu pale twasema alikuwa na haraka, au mwenye pikipiki alikuwa na haraka. Hatusemi kuwa yuko mtu aliyekaa mezani na kalamu, akapima, akachora, akagawa ardhi ile kwa magurudumu na kuwasahau wenye miguu.

Hatuna ugomvi na Qadar ya Mwenyezi Mungu. Mwenye imani hana ugomvi nayo. Lakini sote twakijua kisa cha bedui na ngamia wake, na alivyofundishwa na Bwana Mtume (SAW) kwamba amfunge kwanza ndipo amtegemee Mola wake. Barabara ile ni ngamia aliyeachwa bila kamba. Katika nchi yetu, kila mwaka tangu 2021 watu zaidi ya 4,000 wamefariki barabarani, na theluthi yao au zaidi ni watu waliokuwa wakienda kwa miguu. Hawakuwa ndani ya chombo chochote. Walikuwa wakienda sokoni, kazini, shuleni, msikitini.

Mwendo ndio mzizi wa jambo hili, na hesabu yake si ngumu. Dereva akiona mtoto ameingia njiani, hupita kama sekunde moja kabla mguu wake haujakanyaga breki sawasawa. Gari liendalo kilomita 30 kwa saa huwa limekwenda mita nane katika sekunde hiyo, na husimama kabisa kwa jumla ya mita 13 au 14. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo unaoruhusiwa na sheria mijini kwetu, hula mita kama 14 kabla ya breki kushika. Yaani mahali ambapo gari la kwanza limekwisha kusimama na dereva anamkaripia mtoto, gari la pili ndio kwanza linaanza kupunguza mwendo. Tena uzito wa pigo hauongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya pigo huzidi mara nne. Ndiyo maana wataalamu wa usalama wa barabarani, na mawaziri waliokutana Stockholm mwezi wa Februari 2020, walishikilia kilomita 30 kwa saa kuwa ndio ukomo penye mchanganyiko wa magari na watu wa miguu.

Mzee mmoja wa mtaani aliyekuwa amekaa kwenye baraza akitutazama tukiandika alituita. Alitaka kujua tunahesabu nini. Tulipomweleza alicheka, akasema, "Wanangu, hayo ya njia za miguu na baiskeli ni mambo ya Ulaya. Wenzetu walizaliwa nayo." Kwa heshima ya mvi zake tulinyamaza, lakini kwa kuwa wengi huamini hivyo, tutalijibu hapa.

Uholanzi ndiyo nchi ambayo kila mtu huitaja yanapotajwa mabaiskeli. Hawakuzaliwa nayo kwa maana anayodhani mzee wetu. Katika miaka ya 1950 na 1960, mali ilipoongezeka, Waholanzi walinunua magari kama wafanyavyo watu wote, na miji yao ikaanza kubomolewa ili magari yapite. Viwanja vya miji vikawa maegesho. Baiskeli zikapungua mwaka hadi mwaka. Ilipofika 1971, waliofariki barabarani katika nchi ile ndogo walikuwa zaidi ya 3,000 kwa mwaka mmoja, na zaidi ya 400 katika hao walikuwa watoto.

Mmoja wa wazazi waliofiwa alikuwa mwandishi wa gazeti la De Tijd, jina lake Vic Langenhoff. Mwaka 1972 aliandika makala yenye kichwa kikali, kilichotaka mauaji ya watoto yakomeshwe. Hakuyaita ajali. Kutokana na makala yale kikazaliwa chama kilichochukua kichwa hicho kuwa jina lake, Stop de Kindermoord, na mwenyekiti wake wa kwanza akawa mama kijana wa Amsterdam, Maartje van Putten, ambaye baadaye aliingia Bunge la Ulaya. Twawaomba akina mama wanaosoma safu hii waishike sehemu hii. Hawakuwa wahandisi. Walikuwa wazazi, waliochoka kuzika. Walifunga mitaa yao kwa siku moja ili watoto wacheze, waliandamana na baiskeli pamoja na watoto wao, na walikwenda kwa wakubwa na ramani zilizochorwa na wao wenyewe.

Mambo mawili yaliwasaidia. La kwanza lilitoka kwa Waarabu: mwaka 1973 nchi zinazotoa mafuta ziliifungia Uholanzi mafuta kwa sababu ya vita vya mwaka ule, na serikali, kuanzia tarehe 4 Novemba, ikapiga marufuku magari siku za Jumapili kwa majuma kadhaa. Watu walitoka nje wakaona, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, mji wao ulivyo bila magari. La pili lilikuwa limekwisha kuanza katika mji wa Delft, ambako wakazi na wapangaji wa mji walikuwa wameanza kuigeuza mitaa ya nyumba: wakaondoa tofauti ya lami na kijia, wakapanda miti, wakaweka viti na vyungu vya maua mahali ambapo gari lilizoea kunyooka, hata gari likalazimika kwenda kwa mwendo wa mtu. Mtaa wa namna hii waliuita woonerf, kwa maana ya ua wa nyumba. Mwaka 1976 ukaingia katika sheria ya nchi. Mwaka uliofuata mji wa Groningen uligawa kitovu chake sehemu nne, gari lisiweze kutoka sehemu moja kuingia nyingine bila kuzunguka nje, ilhali mwenye miguu na mwenye baiskeli hupita moja kwa moja. Wafanyabiashara walilalamika sana, kama watakavyolalamika wa kwetu. Mpango ukabaki.

Leo watoto wanaofariki barabarani Uholanzi kwa mwaka mzima hawafiki hamsini. Hatusemi nchi ile haina dosari, wala hatusemi tuige kila kitu cha kwao. Twasema tu kwamba walikuwa pale tulipo sisi, na miaka yenyewe si mingi. Wako watu wazima kati yetu waliokwisha kuzaliwa.

Na huko Ulaya hatukuwa na haja ya kwenda mbali hivyo, kwani jambo hili lilikuwa kwetu kabla. Ingia Mji wa Kale wa Mombasa kutoka upande wa Ngome, ufuate Ndia Kuu, kisha uingie katika vichochoro vya pembeni, utaona jua limekatika ghafla na upepo wa bahari umeanza kukufuata. Nenda Lamu, mji ulioandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, ambako kwa karne nyingi vyombo vya njiani vilikuwa miguu na punda. Njia zile ni nyembamba kwa hesabu: ukuta mmoja humpa kivuli anayepita chini ya ukuta wa pili. Mbele ya mlango pana daka, na ndani ya daka pana baraza za mawe, na penye baraza pana watu. Mwandishi wa Marekani, Jane Jacobs, alijipatia sifa kubwa mwaka 1961 kwa kueleza kuwa njia salama ni ile yenye macho ya wakazi. Bibi zetu wangalicheka kusikia kuwa jambo hilo lahitaji kitabu. Nao wanawake walijengewa wikio, chumba kinachopita juu ya njia kutoka nyumba hata nyumba, wakaweza kutembeleana bila kushuka chini. Mtu aweza kuwa na maoni yake kuhusu maisha yale, lakini hawezi kusema kuwa aliyezipanga njia zile aliwasahau waliozitumia.

Tusiitukuze kupita kiasi. Mitaro ya Lamu ina harufu yake, mwenye kiti cha magurudumu hupata taabu kwenye vidato vile, na pikipiki sasa zimefika huko pia na wenyeji wamekuwa wakinung'unika.

Dini yetu nayo haikuiacha njia bila hukumu. Twafundishwa tangu utotoni kuwa kuondoa udhia njiani ni katika imani, lakini aghalabu tunaishia kwenye ganda la ndizi na mwiba. Imepokewa pia kuwa Masahaba walipoambiwa wajihadhari na kukaa njiani, wakasema hawana budi, waliamrishwa waipe njia haki yake, na katika haki hizo ni kutomuudhi mpitaji. Na yako mapokezi kwamba watu wakihitilafiana juu ya upana wa njia, basi iwe dhiraa saba. Dhiraa saba ni kama mita tatu na kitu. Wanavyuoni waliosherehesha walitazama waliokuwa wakipita, wakasema nafasi hiyo yatosha wanyama wenye mizigo kupishana. Walijadili hata kibaraza cha juu kinachotokeza njiani, kama kinamzuia mpitaji au hakimzuii. Mwenye kazi ya hisba aliweza kumwamrisha mwenye duka aondoe bidhaa zake njiani. Tungependa kujua angesema nini juu ya mabati yale.

Turudi kwenye barabara yetu. Tuliipima kwa futi ya fundi cherehani, ikapata mita tisa za lami. Magari mawili yanayopishana mjini, hata yakiwa mabasi, yanatoshwa na mita sita, tatu kwa kila upande. Zile tatu zinazobaki hazifanyi kazi yoyote ila kuwapa magari nafasi ya kukimbia na pikipiki nafasi ya kupita pasipopitika. Mita tatu karibu zitimize dhiraa saba. Zikirudishwa kwa watu, mtaa utapata vijia viwili badala ya nusu ya kimoja, na hakuna nyumba hata moja itakayobomolewa.

Kijia chenyewe nacho kina masharti. Kiwe na mita mbili zilizo wazi kila inapowezekana, watu wawili wapishane na mmoja wao ana mtoto mkononi. Kisipande na kushuka kila penye lango la gari. Gari ndilo lipande. Mtaro ukifunikwa vizuri, kifuniko chake hicho ndicho kijia, na gharama mbili huwa moja, mradi vifuniko viweze kuinuliwa kusafishwa kabla ya masika. Na kiwe na kivuli. Vitabu vya wahandisi wa nchi za baridi havitilii mkazo jambo hili, lakini hapa pwani, saa saba mchana, njia isiyo na mti haipitwi na mwenye hiari. Miarobaini ile miwili ilikuwa ni sehemu ya barabara, na aliyeikata aliipunguza barabara.

Penye kuvuka, rangi peke yake haitoshi. Wengi wetu tukilalamika hujibiwa kwa tuta, na tuta ni bora kuliko kukosa. Lakini afadhali tuta hilo liwe pana na bapa juu, lilingane na kijia, watu wavuke juu yake bila kushuka; hapo gari hupunguza mwendo pale pale ambapo mtoto yupo, si hatua hamsini mbele yake. Barabara ikiwa pana sana, pawe na kisiwa katikati, mtu avuke upande mmoja, apumzike, avuke wa pili. Pembe za njia panda zikazwe. Pembe iliyoviringwa sana huliwezesha gari kukata kona bila kupunguza mwendo, na humrefushia mpitaji safari ya kuvuka. Ikikazwa, yote mawili hugeuka. Na kivukio kiwekwe pale watu wanapovuka, yaani mbele ya lango la madrasa, si pale panapomfaa mchoraji. Kuhusu madaraja ya ngazi yapitayo juu ya barabara, tuna neno moja: penye baraste kuu huenda hapana budi, lakini ndani ya mtaa daraja la ngazi hulipa gari njia na kumpa bibi mwenye magoti mabovu vidato arobaini. Halafu twashangaa kumwona akipita chini.

Taa zisisahauliwe. Nusu ya wanawake wa mtaa hujifungia baada ya Isha kwa sababu ya giza tu.

Asidhani mtu kwamba haya hayajafanyika nchini. Mwaka 2019 barabara ya Luthuli jijini Nairobi, iliyojulikana kwa msongamano, iligeuzwa ikawa ya magari kwenda upande mmoja, na nafasi iliyopatikana wakapewa wenye miguu. Pale pana maduka yasiyohesabika, na biashara haikufa.

Juu ya baiskeli tumepokea maoni ya namna mbili kutoka kwa wasomaji tuliozungumza nao, na yote yanahusu wasichana. Wako wanaosema si desturi. Wako wanaosema wangewaruhusu binti zao kama si hofu ya magari na ya vazi kunasa kwenye mnyororo. Hilo la kwanza kila nyumba ina mamlaka yake, nasi hatutaingia katika nyumba za watu. La pili lina dawa. Ziko baiskeli zisizo na bomba la juu, mpandaji hahitaji kurusha mguu. Mnyororo wake umefunikwa wote, na gurudumu la nyuma lina ngao pande mbili inayozuia nguo isiingie kwenye spoku. Bibi wa Kiholanzi walizipanda wakiwa na sketi ndefu, na buibui halina tofauti kubwa na sketi ndefu. Fundi yeyote wa baiskeli aweza kutengeneza ngao hiyo kwa bati au kwa wavu wa nyuzi. Lakini hofu ya magari haitengenezwi na fundi wa baiskeli. Penye magari mengi ya kasi, baiskeli hutaka njia yake iliyotengwa kwa ukingo au vigingi. Penye mtaa wa mwendo wa taratibu, hutosheka na njia ya wote.

Sasa tufike mahali ambapo tungependa kuparuka. Mabati ya duka tumeyataja mara tatu. Yako mengine ambayo hatujayataja. Siku ya Ijumaa, tangu saa sita, kijia kile cha pekee hujaa magari kutoka mwanzo wake hata mtaroni, na magari hayo si ya wageni. Ni yetu. Gari la nyumbani kwetu limewahi kuwa miongoni mwao, na hatukuliona kuwa tatizo mpaka tuliposimama upande wa pili na kalamu. Watu huja kuswali kwa miguu, wazee na watoto, nao hutembea katikati ya barabara ili sisi tuliokuja na magari tusitembee hatua mia mbili. Kamati ya msikiti imeombwa itafute uwanja wa jirani kwa saa mbili za Ijumaa, na mwenye uwanja mmoja amekwisha kukubali. Kuna waliochukia. Twawaelewa, jua ni kali. Ni kali kwa wote.

Tukishaisafisha njia kwa mikono yetu, tutakuwa na uso wa kwenda kudai. Na kudai kwenyewe kwataka kujua mlango. Barabara za nchi hii hazina mwenyewe mmoja: zile kuu ziko chini ya KeNHA, baadhi ya za mijini chini ya KURA, za mashambani chini ya KeRRA, na nyingi za mitaani ni za kaunti. Barua nyingi za wananchi hupotea kwa kuandikiwa asiyehusika. Yetu tumethibitisha kuwa ni ya kaunti, na Katiba, ibara ya 196, inalilazimu bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika kazi zake. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili, ili mwaka mpya wa fedha uanze Julai 1. Kinachoingia katika mpango wa Septemba ndicho chenye nafasi ya kupata pesa Julai inayofuata. Anayelalamika Oktoba amechelewa mwaka mzima. Mikutano ile ya wadi, ambayo sisi wanawake huiacha kwa kuwa hufanyika wakati wa kupika, ndiyo mahali penyewe. Na kama saa haifai, hilo nalo ni la kuandikwa katika barua.

Mama wa mtoto aliyevunjika mguu amekubali kuitia sahihi ya kwanza. Wakati tukiandika haya, wazazi watatu wamejitolea kwa zamu kuwavusha watoto Alasiri, na binti yake mdogo amerudi chuoni Jumatatu, ameshikwa mkono.

Jumamosi hii baada ya Alasiri tutakutana mbele ya lango la madrasa kuipima barabara sawasawa, ili ramani ya kuambatanisha na barua ichorwe. Atakayekuwa na futi ndefu ya mafundi wa ujenzi aje nayo. Ile ya cherehani ina urefu wa mita moja na nusu tu, na ilitubidi tuiweke na kuiinua mara sita katikati ya magari.

Wassalaam alaykum.